Ikilia, Itoe

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na hata mume wake alipomtafuta kwenye simu alibonyeza jina hilohilo. Alishona mapazia tu. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, alikuambia kwa upole kwamba cherehani yake haijui miguu. Akiingia nyumba ya mtu, hata kama amekwenda kumjulia hali mgonjwa, macho yake yalianza juu kwenye fimbo ya dirisha, ndipo yakashuka kumtafuta mwenyeji.

Jumamosi asubuhi aliifunika cherehani akakaanga kahawa. Haikuwa biashara wala anasa. Ilikuwa kazi ya nyumba, kama kufagia. Alimimina buni kwenye kikaango kizito cha chuma na kuzigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Zilitoka ukijani, zikawa manjano, zikawa kahawia, na moshi ukajaa jikoni mpaka saa ya ukutani ikawa haisomeki. Kisha alizimwaga kwenye ungo, akayapeperusha makapi dirishani, akajifuta macho na kusema, "Haya, imeiva."

Aliyeisubiri kahawa hiyo kuliko wote alikuwa baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni maisha yake yote ya kazi, na ingawa alistaafu zamani, ukaguzi haukumtoka. Alikagua mkate kabla haujakatwa. Aliikagua taarifa ya habari. Kila pazia lililotoka kwenye cherehani alilipitisha kati ya vidole vyake, upindo wote, kabla ya kutangaza, "Lipite." Alikuja kuishi nao baada ya kuteleza bafuni kwenye nyumba yake mwenyewe na kulala sakafuni hadi asubuhi, akimwita jirani asiyesikia. Alikuja kwa siku chache tu, nyonga ipone. Nyonga ikapona, zile siku chache hakuna aliyezitaja tena, na Mama Pazia, ambaye baba yake mzazi alifariki kabla hajaanza shule, akajikuta kwa mara ya kwanza ana mtu wa kumwita "Baba!" kutoka chumba cha pili, naye akaitika.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sare nyeupe. Ghorofa ya juu yao aliishi nesi, mwanamke mcheshi mwenye kamba ya nguo iliyopita karibu kabisa na dirisha la jikoni. Siku moja alishuka, akagonga, akaingia bila kukaa.

"Dada yangu, nimevumilia, lakini sasa basi. Jana nimemwinamia mgonjwa nimpime presha, akafumbua macho akaniambia, 'Yangu usitie sukari.'"

Mama Pazia alicheka mpaka akashika meza. Nesi naye alicheka, lakini alipomaliza kucheka bado alikuwa amesimama palepale, akisubiri jibu. Na kabla jibu halijapatikana, mwenye nyumba alipita kukagua mabomba, akanusa hewa ya jikoni, akasema maneno machache: "Moshi mwisho. Hili ni jengo, si tanuri."

Wakaanza kunywa kahawa ya kopo. Siku ya kwanza mzee alikunywa funda moja, akakisukuma kikombe katikati ya meza kwa kidole kimoja.

"Hii ni tiketi ya jana," alisema.

Siku zilizofuata hakusema hata hilo. Kisha, Jumatatu jioni, Mama Pazia alimkuta amelishusha begi lake kutoka juu ya kabati na anafuta vumbi kwenye zipu.

"Baba, safari ya wapi tena?"

"Usinifikirie vibaya, mkwe wangu. Mtu mzima akikosa hata kikombe chake, huyo ni mgeni, na mgeni huaga. Jumamosi nitarudi kwangu. Kule nitafukiza moshi nitakavyo, hakuna anayeanika juu ya kichwa changu."

Mume wa Mama Pazia, ambaye aliendesha gari la kusambaza mkate, alisema sebuleni, "Mwache. Baba akishaamua, hata honi haimgeuzi." Lakini alilisema huku akikunja na kukunjua taulo lilelile, na Mama Pazia akaelewa. Bafu la kule lilikuwa lilelile. Jirani naye alikuwa yuleyule. Na mzee hakuwa mtu wa kubembelezwa. Ukimwambia "kaa, tafadhali," ataona umemkatia tiketi ya huruma, naye hakuwahi kupanda kwa tiketi ya namna hiyo. Kilichobaki ni kahawa.

Kesho yake mume na mke walikwenda kwenye duka la vyombo vya umeme. Muuzaji, kijana aliyevaa tai fupi, aliwapeleka moja kwa moja kwenye mashine iliyong'aa kuliko zote.

"Hii, mama, unaiunganisha na simu. Unakaanga ukiwa popote. Hata ukiwa kitandani."

"Na mimi nikiwa kitandani, nani ananusa?"

Muuzaji akatazama tai yake, akawasogeza kwenye mashine ya pili. Hiyo ilikaanga kwa kupuliza hewa ya moto; buni zilirushwarushwa ndani ya bomba la kioo kama watoto kwenye bembea. Ilikuwa ndogo, ya haraka, ya bei nafuu. Mama Pazia aliomba iwashwe. Ikavuma kama kikaushio cha nywele. Aliinamisha kichwa, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Inapiga kelele mno. Kahawa ikisema kitu, sitaisikia."

"Kahawa ikisema?" muuzaji aliuliza.

"Usimjali," mume alisema. "Hata cherehani huwa anazungumza nayo."

Mashine ya tatu ilikuwa na pipa dogo la chuma lililolala ubavu na kuzunguka polepole, na mbele yake kidirisha cha kioo. Chini ilikuwa na droo ya kukusanya makapi, pembeni sinia la kupozea lenye feni, na nyuma kichujio cha kumeza moshi, chenye feni yake. Mama Pazia aliuliza maswali yake yote. Kichujio kinaoshwa au kinabadilishwa? Droo inatoka bila kupigana nayo? Ukitaka kutoa kahawa kabla ya muda kwisha, inakubali, au inabishana? Muuzaji alimwonyesha mkono wa chuma: ukiuvuta chini, mlango unafunguka na kahawa yote inamwagika kwenye sinia. Wakalijaribu pipa likiwa tupu. Lilizunguka kwa sauti ya chini, ya kutulia, kama cherehani iliyotiwa mafuta jana.

"Hii," alisema Mama Pazia. Cherehani mpya aliyokuwa akiitamani ingesubiri.

Mzee aliikagua mashine ilipowekwa mezani. Aliizunguka. Aliichungulia kidirishani. "Ina dirisha," alisema, "lakini haina abiria." Kisha akarudi chumbani, na begi, ambalo alikuwa ameshalipanga, likabaki palepale mlangoni mwa chumba chake.

Mpango wa Mama Pazia ulikuwa rahisi. Kahawa iliyotoka motoni hainywewi papo hapo. Huachwa ipumue mpaka kesho yake, la sivyo inauma ulimi. Kwa hiyo angekaanga Ijumaa, na Jumamosi asubuhi, kabla mzee hajavaa viatu, kikombe kiwe mezani. Lakini Ijumaa ikaja na simu ya ofisi ya mawakili: wageni wao walikuwa wameuwahisha mkutano, na mapazia ya ukumbi yalitakiwa kuning'inia siku hiyohiyo. Kazi ni kazi. Akiwa mlangoni, marobota ya kitambaa begani, alimwelekeza mume wake kwa maneno aliyoyaona yametosha:

"Nimeshaipima kahawa, iko kwenye bakuli. Washa mashine, ikishapata moto mimina, kisha simama hapohapo. Ikilia mara ya kwanza, iache. Ikilia mara ya pili, itoe saa hiyohiyo. Baba atakusaidia kusikiliza."

"Ikilia mara ya pili, itoe," mume alirudia. "Hata mtoto anaweza."

Baada ya saa za chakula cha mchana, Mama Pazia alikuwa juu ya ngazi kwenye ukumbi wa mawakili, pini zimejaa mdomoni, simu aliyompigia mume wake imeegemezwa kwenye kizingiti cha dirisha na spika imefunguliwa, kwa sababu roho haikutulia. Kutoka kwenye simu alisikia pipa likizunguka, kisha sauti aliyoijua tangu utotoni: tak, tak-tak, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa. Buni zilikuwa zinapasuka.

"Imelia," sauti ya mzee ilisema. "Hiyo ya kwanza."

"Ya kwanza ililia zamani, Baba. Kabla sijamimina."

"Italiaje kahawa ambayo haijaingia?"

"Nimeisikia kwa masikio yangu. Pii!"

"Pii? Mimi sikusikia pii yoyote. Nimesikia tak."

"Hiyo tak ni vyuma vinapanuka. Tulia, tunasubiri ya pili."

Juu ya ngazi, Mama Pazia alijaribu kusema kitu, pini moja ikamchoma ulimi. Kwenye simu, tak-tak ikatulia, pakawa kimya kidogo, kisha ikaanza ile sauti ya pili, nyembamba na ya haraka, kama karatasi inayokunjwakunjwa. Hapo ndipo alipoitoa kahawa yake siku zote.

"Imelia mara ya pili!" mzee alipaza sauti. "Itoe!"

"Haijalia!"

"Imelia!"

"Baba, haijalia! Kwa nini unang'ang'ania?"

"Mimi nimesikiliza magurudumu ya treni tangu wewe hujazaliwa, leo unanifundisha kusikia?"

Mama Pazia alitema pini kwenye kiganja. "Itoeni!" alipiga kelele, na mawakili wawili waliokuwa wakipanga viti wakasimama wima. "Itoeni sasa hivi! Itoeni!"

"Tuitoe?" sauti ya mume ilishangaa. "Na moto wote huu? Haya. Baba, shika upande huo. Chomoa waya. Angalia mguu wako. Fungua mlango kwanza…"

"Mlango? Mnakwenda wapi?"

Lakini hakuna aliyemjibu. Zilisikika nyayo zikiburuta, kitu kikigonga fremu, na sauti ya mzee ikisema kwa mbali, "Pole pole, hii si sanduku la mkate." Kisha kimya.

Mama Pazia alimalizia pazia la mwisho kwa kasi ambayo hajawahi kuitumia tangu ajifunze kushona. Alipofika kwao aliiona kabla hajamaliza ngazi. Mashine ilikuwa kwenye kibaraza cha ngazi, nje ya mlango, waya umening'inia kama mkia wa panya. Pipa lilikuwa limesimama, na buni zilizokwama ndani zilikuwa zimeendelea kujichoma zenyewe. Moshi ulipanda taratibu kuelekea ghorofa ya juu. Mume wake alisimama upande mmoja, baba mkwe upande mwingine, wamevaa glavu za jikoni, kama watu waliokamatwa wakiiba televisheni ya jirani. Na kati yao alisimama nesi, amekunja mikono.

"Mama Pazia," nesi alisema, "nilikuomba usikaangie jikoni. Sikukuomba uhamie kwenye ngazi."

Mama Pazia aliuvuta ule mkono wa chuma. Mlango mdogo ukafunguka kwa utii mkubwa, na kwenye sinia zikamwagika buni nyeusi tii, zinazong'aa, kama vifungo vya koti la msibani.

"Kumbe ilikuwa inafunguka hapo," mume alisema kwa sauti ndogo.

"Niliwaambia muitoe!"

"Si tumeitoa? Iko nje!"

"Kahawa! Muitoe kahawa!"

"Hukusema kahawa. Ulisema, 'Ikilia, itoe.' Mashine ndiyo iliyolia."

"Haikulia mashine," mzee alikata. "Ililia kahawa. Mimi nilisikia kahawa."

Mama Pazia alimtazama mume wake, akamtazama mzee, akaitazama mashine, na maneno yake ya asubuhi yakamrudia moja moja kama nguo zinazotolewa kwenye maji. Ikilia. Itoe. Kahawa inalia, mashine inalia. Kahawa inatolewa, mashine inatolewa. Hata mwalimu wa sarufi, angeachwa pale na bakuli la buni, asingejua nani kalia na nani atolewe. Kicheko kilianzia tumboni, akajaribu kukizuia kwa sababu hasara ilikuwa mbele yake na begi lilikuwa bado mlangoni, lakini kikamshinda. Alikaa kwenye ngazi na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sasa na yeye analia," mzee alimwambia mwanawe. "Mtoe."

Hapo hata nesi alishika ukuta. Alipopata pumzi, alikaa karibu na Mama Pazia, mbali kidogo na sinia.

"Nyie mnahitaji kuja wodini," alisema. "Kwetu mgonjwa analia, mashine *inaita*. Siku ya kwanza tu unafundishwa hivyo. Ukichanganya, utamkimbilia mgonjwa aliyelala salama, na mashine utaibembeleza."

"Mashine inaita," Mama Pazia alirudia taratibu.

"Na buni *zinalia*," mzee aliongeza. "Sema buni. Usiseme kahawa. Zikilia, zitoe. Hapo hata mwuza mkate ataelewa."

"Nimekusikia, Baba," alisema mume.

"Leo ndiyo umesikia kitu."

Waliirudisha mashine ndani. Buni mbichi zilizobaki zilikuwa kiasi cha kukaanga mara moja tu, na jioni ilikuwa haijaingia. Mama Pazia aliosha mikono. Nesi, ambaye zamu yake ilikuwa ya usiku na alikuwa ameshavaa sare, aliweka kiti katikati ya jikoni.

"Nitakaa hapa hapa na nguo zangu," alisema. "Zikinuka moshi, hicho chombo kinarudi dukani, na mwenye nyumba namwita mimi."

"Haki yako," alisema Mama Pazia. Kisha akageuka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na nyuma yake, sakafuni, begi. "Baba, mimi nitatazama rangi kwenye kidirisha. Lakini feni ya kichujio ikivuma sisikii vizuri. Nani atanisikilizia?"

Hakulisema kwa ujanja. Ilikuwa kweli, cherehani ilikuwa imeshalichosha sikio lake la kulia. Mzee alisimama kidogo, kisha akavuta kiti, akakaa ubavuni mwa mashine, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya, bila shaka, kwenye mabehewa ya zamani.

Mashine ikaita. Mume akasema, "Inaita," kwa heshima kubwa, na Mama Pazia akamimina buni. Pipa likazunguka. Kidirishani ukijani uliondoka, ikaja rangi ya majani makavu, ikaja harufu ya mkate, mume akavimba kichwa. Makapi yaliteremka kwenye droo bila kuruka popote. Nesi alinusa mkono wa sare yake, akanusa tena.

Tak.

"Zimeanza," alisema mzee, macho bado amefumba. Tak-tak-tak. "Zinalia. Ya kwanza." Zikatulia. Pakawa kimya, pipa tu likizunguka, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mama Pazia alikuwa ameshika mkono wa chuma, anatazama rangi. Kwa macho yake bado kidogo. Mara mzee akanyanyua mkono wote, kama anayesimamisha treni.

"Toa!"

Akavuta. Buni zikamwagika kwenye sinia, kahawia, nzuri, feni ikazipuliza, na harufu ikaijaza nyumba bila moshi wake. Mama Pazia alizigeuza kwa mwiko wake wa zamani, akiwaza kwamba hakuisikia ile sauti ya karatasi. Labda ni sikio lake. Hakusema. Nesi alisimama, akajinusa bega la kulia na la kushoto.

"Nanukia duka la mikate," alisema. "Hilo wagonjwa wataliweza. Mniwekee kikombe."

Jumamosi asubuhi mzee alitoka chumbani amevaa koti na viatu. Mama Pazia alisaga, akachemsha, akaweka kikombe mezani, kisha akajifanya anahesabu pete za pazia. Mume wake, ambaye kwa kawaida saa hiyo angekuwa barabarani, alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari, hatoki wala haingii.

Mzee alikunywa funda la kwanza. Akalikalisha mdomoni. Akanywa la pili. Akakiweka kikombe chini, akakitazama kwa muda mrefu, kama tiketi yenye muhuri uliofifia.

"Vipi, Baba?" Mama Pazia alishindwa kuvumilia.

"Ile ya kwanza," alisema, "tuliyoipeleka kwenye ngazi, ilipitiliza kituo."

"Ndiyo."

"Na hii imeshuka kituo kimoja kabla. Ina uchachu pembeni. Nilinyanyua mkono mapema, niliogopa." Akasukuma kikombe, lakini safari hii alikisukuma upande wa birika, kiongezwe. "Kosa ni langu. Sikungoja zilie mara ya pili."

Mama Pazia alimimina. Aliitafuta ladha hiyo kwenye kikombe chake mwenyewe. Kweli, uchachu ulikuwepo, mdogo, kama uzi mmoja uliojitokeza kwenye upindo.

Mzee alimaliza kikombe cha pili, akasimama, akaingia chumbani. Walisikia zipu. Walisikia vitu vikitupwa kitandani. Akatoka na begi mkononi, na Mama Pazia akashika meza.

"Baba, unakwenda?"

"Sokoni." Alilifungua begi, akalitikisa mbele yao, lilikuwa tupu kabisa. "Buni zimekwisha, sivyo? Mnataka nizibebe mfukoni? Nguo zangu ziko kitandani, mkwe wangu, utazipanga ukipata nafasi. Mtu haachi kazi kahawa ikiwa bado haijashuka kituo chake."

Alimgeukia mwanawe aliyesimama na ufunguo. "Na wewe unangoja nini? Mkate unakauka. Nipeleke."

Mume alifungua mlango haraka, mpaka akaligonga begi. Wakiwa kwenye ngazi, Mama Pazia alimsikia mzee akisema, "Ukiona tumekaribia sokoni, usipitilize," na mwanawe akijibu, "Utalia, Baba, au utaita?"